Hadithi Iliyozamisha Biskuti

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na wasio nayo waazime kwa jirani, ya kwamba Jumatano ile, saa tatu na nusu asubuhi, Mheshimiwa Spika wa Bweni la Pili, msuluhishi wa ugomvi wa ndoo, mtetezi wa wanyonge katika foleni ya chakula, alirejea rasmi katika jiko la mama yake ili kushika tena madaraka aliyoyaacha miezi minne iliyopita.

Alisimama mlangoni, akavuta pumzi ya kiongozi, akanyanyua mguu wa kulia.

"Mwanangu, usikanyage hapo, tumepiga deki," mama yake alisema bila kugeuka. "Kaa sebuleni upumzike. Utaletewa chai."

Mguu wa kulia ukabaki hewani.

Utaletewa! Spika alilitafuna neno hilo kama mtu aliyeng'ata kijiwe ndani ya wali. Mgeni ndiye huletewa chai. Mgeni ndiye huambiwa apumzike, kisha akapewa kikombe chenye maua ambacho watu wa nyumbani hawaruhusiwi hata kukiosha bila usimamizi. Yeye alizaliwa katika nyumba hii. Alijua kabati lipi halifungi mpaka ulipige goti. Alijua upande wa kushoto wa jiko la gesi hauwaki mpaka uubembeleze kwa viberiti vitatu na tusi moja dogo. Tangu akiwa na miaka kumi yeye ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa mama katika kila keki iliyotoka humu ndani. Sasa ana kumi na sita, amekwenda shule ya bweni muhula mmoja tu, na tayari hakuna anayetaka akanyage sakafu.

"Mama, sijachoka," alisema. "Nimelala saa kumi nzima. Nikiongeza moja mtanifukia."

"Haya, ingia basi. Lakini vua viatu."

Akavua, akaingia, na hapo ndipo alipomwona mdogo wake, Kitinda, amesimama kwenye meza kubwa, mahali pale pale alipokuwa akisimama yeye. Kitinda alikuwa na miaka kumi na mitatu, kitinda mimba wa nyumba hiyo, ndiyo asili ya jina. Hakupelekwa bweni. Alisoma shule ya kutwa mtaa wa pili na kila siku saa tisa alikuwa nyumbani. Alikuwa amevaa aproni ya bluu. Kamba zake zilimzunguka kiuno mara mbili, maana aproni haikukatwa kwa ajili ya kiuno hicho. Ilikatwa na baba yao, fundi cherehani, kwa ajili ya kiuno cha mtu mwingine, na mtu huyo sasa alikuwa peku kando ya ndoo ya deki.

"Dada!" Kitinda alisema kwa furaha. "Umeamka!"

"Naona mmenirithi kabla sijafa," Spika alisema, akiitazama aproni.

"Ooh, hii? Chukua, nivue?"

"Vaa tu. Inakupendeza. Unaonekana kama mto uliovishwa foronya ya godoro."

Kitinda akacheka mpaka akashika meza. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimtukana kwa maneno mazuri, anakushukuru.

Sasa, shughuli ya siku hiyo haikuwa ya kawaida. Mama yao alikuwa mpishi wa keki na vitamu katika hoteli moja kubwa ya mjini, na Jumamosi hoteli hiyo ilikuwa na karamu ya madaktari mia mbili. Madaktari hao, watu wanaowakataza wenzao sukari kutwa kucha, walikuwa wameagiza tiramisu. Ni kitamu cha Kiitaliano kinachopangwa tabaka kwa tabaka: chini biskuti nyembamba zenye umbo la vidole zilizochovywa kwenye kahawa nzito, juu yake krimu ya mayai na jibini laini, kisha biskuti tena, kisha krimu tena, na juu kabisa vumbi la kakao. Hakiokwi wala hakichemshwi. Kinalazwa kwenye friji mpaka kishikane, na siku ya kukikata ndipo utajua kama ulikuwa na adabu au hukuwa nayo.

Mpishi mkuu alikuwa amemruhusu mama aje na msaidizi mmoja kutoka nyumbani. Mmoja tu. Jiko la hoteli lilikuwa limejaa watu, na nafasi iliyobaki karibu na friji ilimtosha mtu mmoja, tena asiyekula sana.

"Nimeamua hivi," mama alisema, akipangusa mikono. "Kila mmoja atatengeneza trei yake leo. Saa kumi alasiri nitazikata. Trei itakayosimama vizuri, mwenye nayo ndiye nitakayekwenda naye Jumamosi. Sitaki kuambiwa nina upendeleo."

Spika alinyoosha mgongo. Mashindano aliyaweza. Katika mdahalo alishamshinda mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa hoja moja na bahasha tupu aliyodai ina ushahidi.

"Kitinda ataanza," mama aliendelea, "ili akuonyeshe."

Ili akuonyeshe. Kama kuna kisu kilichonolewa vizuri kuliko maneno hayo, kilikuwa bado dukani.

"Usijali, dada," Kitinda alisema kwa huruma ya kweli kabisa, na huruma hiyo ndiyo iliyochoma zaidi. "Si ngumu. Hata mimi mara ya kwanza nilikosea."

"Mara ya kwanza lini?"

"Wewe ulipokuwa shule. Tumeshatengeneza mara... mama, mara ngapi?"

"Tano."

"Sita, ukihesabu na ile ya paka."

Mama akasema, "Ile ya paka!" na wote wawili wakaangua kicheko, mama akapigapiga meza kwa kiganja, Kitinda akajifuta machozi kwa kamba ya aproni. Spika alitabasamu tabasamu la mtu aliyesimama nje ya dirisha la harusi. Hakuwa na habari na paka. Nyumba hii haikuwa na paka. Trei sita zilikuwa zimetengenezwa na kuliwa, na moja ilikuwa na historia yake na mnyama, na yeye wakati wote huo alikuwa amepanga foleni na ndoo, akijidanganya kwamba nyumbani wanamkumbuka kila wakiona kijiko.

Kitinda alianza. Kahawa ilikuwa imeshapoa katika bakuli pana, nyeusi kama wino. Krimu ya trei yake mama alikwisha kuiandaa, ilikuwa kwenye sufuria ndogo, laini, ya rangi ya siagi hafifu. Biskuti zilikuwa arobaini na nane, mama amezileta kutoka hotelini kwa hisani ya mpishi mkuu, na madukani mwa mtaa hazikuonekana. Ishirini na nne kwa kila mmoja. Kumi na mbili kwa tabaka.

"Tazama, dada. Biskuti ina tamaa," Kitinda alieleza. "Ukiiacha inakunywa kahawa yote, halafu inalainika, halafu trei nzima inakuwa supu. Ukiitoa upesi mno inabaki kavu. Kwa hiyo mimi na mama tuna maneno yetu. Upande mmoja, karibu. Unageuza. Upande wa pili, kwaheri. Basi, unatoa."

Akachukua biskuti ya kwanza. "Karibu," alisema kwa sauti, akailaza juu ya kahawa. Akaigeuza. "Kwaheri." Akaiweka kwenye trei, imenyooka, imelowa nje na ngumu ndani, kama askari aliyenyeshewa kidogo.

"Mimi na mama tuna maneno yetu," Spika alirudia kimoyomoyo. Roho ilimuuma mpaka akahisi kiu.

Mama alikuwa amegeukia jiko la gesi kuanza krimu ya trei ya pili. Alikuwa akipiga viini vya mayai na sukari juu ya mvuke wa maji ya moto, na kazi hiyo haitaki mtu wa kugeukageuka. Ukiyaacha mayai kidogo tu, yanajiamulia kuwa mayai ya kukaanga. Kwa hiyo mgongo wake ndio uliokuwa umewaelekea binti zake, na waya wa kupigia mayai ukawa unalia kwenye bakuli, chaka, chaka, chaka.

Katika kumtendea haki Mheshimiwa Spika, ni lazima isemwe kwamba hakuanza na nia mbaya. Alitaka kutazamwa tu. Katika jiko hilo alikuwa na kitu kimoja ambacho Kitinda hakuwa nacho, nacho ni ulimi, akaona autumie.

"Nimewahi kuwasimulia habari ya mgonjwa wa kitanda namba saba?"

"Bado!" Kitinda alisema, macho yakamwaka.

"Basi. Matroni wetu ni mama mmoja mrefu, haamini ugonjwa wowote usioandikwa kwenye karatasi. Asubuhi moja msichana fulani hakutaka kwenda mchakamchaka. Akachukua gunia la viazi kutoka stoo, akalilaza kitandani, akalifunika blanketi, akalifunga kilemba."

"Karibu," Kitinda alisema, akachovya biskuti, huku anatabasamu.

"Matroni akaja. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la gunia. Akafikiri. Akasema, 'Hana homa. Lakini amevimba vibaya.'"

Kitinda akapasuka. Alicheka akiwa ameinama, mkono mmoja tumboni, mwingine juu ya bakuli, na biskuti ikabaki ndani ya kahawa, moja, mbili, tatu, nne. Alipoitoa, ikainama katikati kama mzee aliyesinzia kwenye benchi, ikamdondokea mezani vipande viwili.

"Lo!" alisema. Akavikusanya upesi, akaviweka kwenye trei, akavibananisha kwa kidole.

Ile moja ilikuwa bahati mbaya. Spika angeweza kuapa. Lakini aliitazama ile biskuti ilivyokuwa inavuja pale kwenye trei, akautazama mgongo wa mama, akaisikia chaka, chaka, chaka, na wazo likamjia, dogo, safi, limevaa hata tai.

Hadithi ilikuwa fupi. Shuleni aliimaliza kati ya kengele ya kwanza na ya pili. Sasa aliivuta kama mpira wa kiuno cha sketi. Aliweka vituo. Alinyamaza. Alitazama vidole vya mdogo wake, akangoja mpaka asikie "karibu", na hapo ndipo alipomshusha matroni.

"Karibu."

"Akamwambia, 'Toa ulimi.' Viazi vikanyamaza."

Kicheko. Biskuti ikazama.

"Karibu."

"Akaleta kipimajoto, akakisokomeza ndani ya kilemba, akasema, 'Usitafune.'"

Kicheko. Ikazama nyingine. Na palipokosekana neno la kuchekesha, Spika alitumia nyusi. Palipokosekana nyusi, alitembea jikoni kwa mwendo wa matroni, amebetua kiuno, anapapasa sufuria, kabati na ndoo ya deki kutafuta homa. Kitinda alicheka kwa sauti, akacheka bila sauti, akacheka mpaka akawa analia kwikwi, na kila mara biskuti ilibaki ndani ya bakuli ikinywa kama ngamia.

"Karibu."

"Matroni akatuita wote. Akatuambia, 'Mtazameni mwenzenu. Tangu asubuhi hajalalamika hata mara moja. Huyu ndiye mgonjwa mwenye adabu kuliko nyinyi nyote.'"

"Dada, basi, utaniua, mbavu sina!"

"Nyinyi wawili," mama alisema kutoka kwenye jiko la gesi, naye sauti ina kicheko ndani yake, "fanyeni kazi huko."

"Tunafanya, mama," Spika alisema.

Tabaka la kwanza likaisha, krimu ikapakwa juu, la pili likaanza, nalo likaenda njia ile ile. Biskuti ya ishirini na nne ilipozama, dereva wa shule ndiyo kwanza alikuwa ameitwa ampeleke mgonjwa hospitali.

"Akalinyanyua gunia begani," Spika alisema polepole, akimtazama Kitinda machoni. "Akasimama. Akachungulia ndani ya kilemba. Akasema, 'Matroni, samahani. Mgonjwa wako amechipua.'"

Kitinda alikaa chini sakafuni. Biskuti alilazimika kuiokota kwa kijiko.

Krimu ya mwisho ilifunika kila kitu. Kwa juu trei ilikuwa nyeupe, tambarare, haina habari. Zamu ya Spika ilipofika, hapakuwa na hadithi. Alichovya kimya kama mtu anayefanya mtihani. Upande, geuza, toa. Maneno ya karibu na kwaheri hakuyasema. Yalikuwa ya watu wawili na yeye hakualikwa. Mama alisimama kando yake, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dada, una mkono!" Kitinda alimsifu. "Mama, tazama zilivyonyooka!"

Kitu kikamchoma Spika chini ya mbavu. Akakiamuru kikae chini, akanyunyiza kakao kwa chujio la chai, na saa nne na nusu trei zote mbili zikaingia kwenye friji.

Mchana Kitinda alimfuata chumbani, akajilaza kwenye kitanda chake, begani pake kabisa, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Nisimulie nyingine."

"Nimelala."

"Waliolala hawajibu."

"Nimelala kwa adabu," Spika alisema, akageukia ukuta. Ukuta ulikuwa na picha mpya iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi: mama na Kitinda, pua zote mbili zina kakao. Akafumba macho kwa nguvu.

Saa kumi mama alizitoa trei. Baba alikuja kutoka chumba cha mbele, ambako cherehani yake ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni na sindano mbili kifuani. Alipenda sana mambo ya kuonja.

Mama alikata ya Spika kwanza. Kisu kiliingia taratibu, kijiko kikanyanyua kipande, na kipande kikasimama kwenye sahani, mistari minne imenyooka, kahawia, nyeupe, kahawia, nyeupe.

"Hee!" baba alisema. "Hii ukiipiga pasi haikunjiki."

Kisha ya Kitinda. Kisu kilipoingia, kahawa ilipanda juu ya krimu kama maji yanayojaza unyayo kwenye matope. Kijiko kilichota kitu kisicho na umbo. Kwenye sahani kikatandaa chote, kikakaa, kikazungukwa na kijito chembamba cha rangi ya kahawia kilichokwenda mpaka ukingoni na kudondokea mezani.

Kitinda alikitazama kijito hicho.

"Tangu ile ya kwanza hujakosea," mama alisema kwa mshangao. "Imekuwaje leo?"

"Sijui. Labda mikono yangu mizito." Akaificha nyuma, ndani ya aproni. "Nilikuwa nacheka. Nilisahau kutoa. Ni kosa langu."

Mama akampapasa kichwa, lakini neno lilikuwa neno. "Basi, tulishakubaliana. Jumamosi nitakwenda na dada yako. Jiko la karamu halina nafasi ya kucheka na kusahau."

"Ndiyo, mama."

Na Spika, aliyekuwa ameshinda, akatia kijiko kinywani. Tiramisu yake ilikuwa tamu ajabu. Ilikuwa baridi, nyepesi, chungu kidogo mwishoni. Akaimeza kama dawa.

"Lakini mimi nina malalamiko," baba alisema, akilamba kijiko. "Asubuhi nimesikia watu wanachekeana huku, nikasimamisha cherehani mara nne nisikilize, nisiambulie kitu. Nilimkatia mteja mkono mmoja mfupi kwa ajili yenu. Nami nisimuliwe."

Hapa mtu mwenye akili angesema kichwa kinamuuma. Lakini mwite Spika mbele ya watu wa kumsikiliza, umwombe hadithi, kisha umwambie anyamaze: ni sawa na kumwomba jogoo asubiri. Tena baba alikuwa amekwisha kuvuta kiti. Akaanza. Akamleta matroni, gunia, kilemba, homa, uvimbe, ulimi, kipimajoto, adabu, dereva, na "mgonjwa wako amechipua", yote kwa mkupuo mmoja, bila kituo, kama alivyoizoea. Baba alicheka mpaka sindano moja ikaanguka.

Kitinda alitabasamu kidogo. Mama hakucheka. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani.

"Hiyo hadithi," alisema, "imechukua dakika tatu."

"Ni fupi, mama. Ndiyo utamu wake."

"Asubuhi ilichukua biskuti za trei nzima."



"Asubuhi ulikuwa unanyamaza katikati," mama aliendelea, sauti ya chini, kama anayejihesabia. "Nilidhani unatafuta neno. Nikajiuliza, tangu lini mtoto huyu anatafuta neno? Maneno ndiyo humtafuta yeye. Nilikuwa nimewapa mgongo, lakini masikio sikuyapa likizo. Nilimsikia mdogo wako anasema karibu. Kisha wewe unasema jambo. Kisha kicheko. Kwaheri sikuisikia. Karibu, wewe, kicheko. Karibu, wewe, kicheko. Hukuwa unasimulia hadithi, mwanangu. Ulikuwa unamvizia."

"Mama, mimi..." Spika alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Bweni la Pili na nyumba ile kwa pamoja, hakikutoka kitu.

Kitinda alimgeukia. Hakuonekana kukasirika bado. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu asiyotaka kupata jibu lake.

"Lakini dada, mimi nilikuwa nacheka kwa sababu nilikuwa na hamu nawe," alisema. "Ukiwa hupo hakuna anayechekesha humu. Mama anachekesha kidogo tu, akijaribu. Ulikuwa unajua biskuti zinaharibika?"

Spika aliangalia sahani. Aliangalia dirisha. Pale dirishani hapakuwa na msaada.

"Nilikuwa najua," alisema.

Baba akaiokota sindano yake polepole, akaichomeka mahali pake, akabaki ameshika kifua.

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Wivu." Lilitoka dogo kuliko alivyotarajia, kwa hiyo akalisukuma na mengine. "Naona wivu, mama. Nimeona wivu tangu jana usiku niliposhuka kwenye gari. Mna maneno yenu. Mna paka wenu. Nimeingia hapa naambiwa niketi niletewe chai kama mkaguzi wa elimu. Nilipoondoka kwenda shule nilijua kabisa mtashindwa. Nilikuwa nalala nikiwaza, sasa hivi mama ameunguza krimu, huyu analia, baba anakula mkate mkavu, na wote wanasema lau dada angekuwepo. Nilikuwa nafurahi, mama. Niliomba hata iwe hivyo, nikapiga magoti kabisa, pembeni ya kitanda, na matroni akanisifu kwa kusali sana. Halafu nimerudi nimekuta mnacheka."

Mama alikiweka kisu mezani, taratibu. Aliona heri wangempigia kelele.

"Mchukue Kitinda Jumamosi," alisema. "Mikono yake haina uzito wowote. Mzito ni mimi."

Kitinda alifuta pua kwa mkono, akaisogeza sahani yake yenye kijito, akaitazama, kisha akamtazama dada yake kwa macho makavu, ya mtu mzima kidogo kuliko yale ya asubuhi.

"Ngapi?" aliuliza.

"Ngapi nini?"

"Biskuti. Ngapi ulikusudia?"

"Mbili tatu hivi," Spika alisema.

Mama akakohoa.

"Kumi," Spika alisema.

Kitinda hakuondoa macho. Alingoja, bila haraka, kama yeye mwenyewe alivyongojewa asubuhi nzima.

"Zote zilizozama," Spika alisema. "Ukiacha moja, ile ya kwanza kuvunjika."